Filamu Niliyoitafsiri Mara Mbili

Mikanda ya video ilikuwa mitano, na yote ilikuja ndani ya boksi la sabuni lililolowa upande mmoja. Mtu mmoja aliyevuka ziwa kutoka Bujumbura aliiuza pale Ujiji pamoja na pasi ya umeme na jozi ya viatu vya kike. Tajiri wangu aliichukua baada ya kuangalia majalada tu. Yalikuwa na maandishi ya Kijapani, yale yanayofanana na vibanda vidogo vilivyoezekwa, na hayo yakamtosha.

"Karate," alisema. "Tena karate za zamani. Hizi ndizo kali."

Wakati huo nilikuwa mtafsiri katika banda lake la video. Mtafsiri hukaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, ameshika kipaza sauti, anawaeleza watu kinachosemwa kwenye filamu. Mimi nilikuwa natafsiri Kichina, Kihindi na Kiingereza, na kati ya hizo nilikuwa najua Kiingereza, tena nusu yake. Shule niliiacha darasa la sita. Baada ya hapo nilianika dagaa Kibirizi, nikapakia mawese Mwandiga, nikafanya ubaharia kwenye boti za Kalemie, nikapanda treni hadi Tabora na kurudi kwa treni ileile bila sababu ninayoikumbuka. Sikuwa nimekaa mahali popote zaidi ya miezi sita. Kazi ya kutafsiri niliipenda kwa sababu niliweza kuona nchi nyingi nikiwa nimekaa kwenye stuli moja, na kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba Kichina changu si sahihi. Walichotaka ni hadithi isisimame.

Tajiri aliandika ubaoni kwa chaki: KARATE YA KIJAPANI, LEO SAA TISA. Banda likajaa.

Nilikuwa sijaitazama filamu kabla, na huo ulikuwa uzembe wangu. Ikaanza. Picha haikuwa na rangi. Ukaonekana ukuta. Halafu miavuli imeanikwa. Halafu mwanamke mzee na mwanamke kijana wamekaa chini, wanakunja nguo. Walikunja nguo ya kwanza, wakaiweka. Wakakunja ya pili. Mzee akasema kitu, kijana akajibu kitu, wote wakatabasamu, wakaendelea kukunja.

Chini ya picha yalipita maandishi meupe. Niliyaangalia nikaona si Kiingereza. Nilijua ni Kifaransa, kama vile unavyojua kwamba mtu fulani ni mgeni bila kujua katoka wapi.

"Oya, mtafsiri," mtu aliita kutoka nyuma. "Steringi yuko wapi?"

"Steringi amesafiri," nilisema kwenye kipaza sauti, maana filamu bila shujaa hawakuilipia.

"Kaenda wapi?"

"Kawafuata maadui. Hawa ni mama yake na mke wake, wanamngoja."

"Basi mwambieni awahi!"

Watu wakacheka, wakatulia kidogo. Lakini steringi hakuja. Wanawake walikunywa chai. Walifunga vyombo kwenye makaratasi. Alikuja mwanaume mwenye kofia, nikapata matumaini, lakini aliinama, akanywa chai naye, akaondoka. Kilipita kipande kirefu ambacho hakikuonyesha mtu yeyote, isipokuwa birika na ukorido. Sijawahi kuwa na wakati mgumu kama ule. Kwenye filamu za Kichina, ukikwama unasema "nitakuua" na mara nyingi inakuwa kweli. Hapa ningesema nini juu ya birika?

Ndipo yule kijana akafungua kikabati kidogo ukutani, chenye milango miwili. Ndani mlikuwa na picha ya mwanaume. Akaweka mbele yake kibakuli cha wali, akainamisha kichwa, akafunga kikabati.

Hapo niliona njia. Kwetu, mtu wa nyumbani asipokuwepo wakati wa kula, chakula chake hutengwa, hufunikwa na kuwekwa juu. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa amekulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Kwa hiyo nilisema kwa sauti ya uhakika:

"Mmeona? Hiki ni chakula cha steringi. Mke wake anamtunzia. Kila siku anamtunzia, kwa sababu anajua mume wake atarudi!"

"Eeeh!" wakaitikia.

Nilirudia mara tatu, kila kikabati kilipofunguliwa. Mwishoni wanawake walitoka na mizigo yao, na picha ikabaki ndani ya chumba kitupu. Ikakaa humo. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu yakaja maandishi, ikaisha.

"Itaendelea sehemu ya pili," nilisema. "Huko sasa ndiko anakorudi kulipa kisasi."

Kiatu kilirushwa. Kilipita karibu na televisheni, kikapiga ukuta.

*

Nyuma ya banda kulikuwa na uwanja, na vyumba vitatu ambavyo tajiri alikuwa anapangisha. Kimoja walikaa wanawake wawili kutoka Burundi. Miaka ile watu wa kule walikuwa wanavuka kwa makundi, wengine wakishukia Kagunga, wengine wakinyoosha na ziwa hadi huku, na wenye ndugu au Kiswahili kizuri walijichanganya mitaani badala ya kwenda kwenye kambi za wakimbizi. Hawa walikuwa mama na mke wa mwanaume mmoja. Mama tulimwita Bibi. Mke alikuwa amefundisha shule ya msingi, kwa hiyo uwanja mzima ulimwita Mwalimu, ingawa sasa alikuwa anauza mihogo ya kukaanga.

Mwanaume mwenyewe hakuwepo. Habari yake tuliijua wote. Usiku wa kuvuka boti ilikuwa imejaa, aliwapakia wao, akawaambia, "Tangulieni Ujiji, nitawakuta." Miezi minane ilikuwa imepita. Kila jioni Bibi alikuwa anatenga ugali na mboga kwenye bakuli, anafunika, anapandisha kwenye ubao juu ya mlango. Asubuhi walipasha moto chakula hicho wakakila wao, na hakuna aliyesema neno.

Siku ile ya kiatu, Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlango wa nyuma wa banda. Yeye hakulipishwa, alikuwa jirani. Kesho yake asubuhi nilimkuta anaosha masufuria.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yule bwana atarudi lini?"

"Bwana gani?"

"Wa wale Wazungu wa jana. Wa kwenye kabati."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Wazungu ni Wajapani. "Sehemu ya pili, Bibi."

"Wewe umeiona?"

Ningeweza kusema sijaiona. Lakini alikuwa ananitazama huku maji yanatiririka kwenye viwiko vyake, na mimi nimezoea kusema kile mtu anachotaka kusikia. Ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa.

"Nimeiona. Anarudi."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Hata na wao wanamtunzia," alisema, akarudi kwenye masufuria.

Mchana Mwalimu alinifuata pale nilipokuwa nafuta deki, ile mashine ya kuchezea mikanda. Alisimama mlangoni, sinia la mihogo kichwani, hakulishusha.

"Kaka, unasoma Kifaransa?"

"Hapana, dada."

"Nilijua. Mimi jana nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi. Macho yangu yanasoma kitu kimoja, masikio yananiletea kingine. Nilidhani nimechanganyikiwa. Yule mume amekufa."

"Nani, steringi?"

"Hakuna steringi! Alikuwa baharia, meli yake ilizama, mwaka wa saba sasa. Lile si kabati la chakula. Wale ndivyo wanavyowakumbuka watu wao waliokufa. Wanawapa wali kidogo mbele ya picha. Na nyumba yao inabomolewa, reli inapanuliwa. Filamu nzima wanafungasha."

Nilikaa chini. Nilijiona kama mtu aliyeingia kwenye msiba akipiga vigelegele.

"Sasa sikiliza," alisema, na sasa akashusha sinia. "Alhamisi lori linakuja. Sisi wa mitaani tumeambiwa twende kambini tukaandikishwe. Asiyeandikishwa hana chakula, hana karatasi, akikamatwa anarudishwa kule. Wiki nzima nambembeleza Bibi. Juzi alikuwa ameanza kulegea. Tangu jana amekaza. Anasema mwanawe aliagiza Ujiji, na Ujiji ndiko atakakomngojea, kwa sababu hata wale Wazungu mume wao anarudi. Umemwambia anarudi?"

"Nimemwambia."

"Asante sana."

Sijawahi kusikia neno asante likipiga namna ile.

*

Niliahidi kurekebisha, lakini sikujua kinachorekebishwa ni nini. Nilimuuliza kwa nini asimwambie Bibi mwenyewe.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe amekufa? Mimi sijui kama amekufa."

"Basi filamu itamwambia nini?"

"Itamwambia kwamba watu wanaweza kuhama," alisema. "Ionyeshe tena. Safari hii sema yaliyomo."

Kwa siku mbili, asubuhi, wakati tajiri yuko sokoni, tulikaa mimi na yeye mbele ya televisheni na kupitisha mkanda kidogo kidogo. Yeye alikuwa anasoma, mimi nashika. Nilizidi kuchanganyikiwa.

"Anasema, leo kumekucha vizuri."

"Halafu?"

"Mama anajibu, kweli, vizuri."

"Halafu?"

"Basi."

"Haiwezekani. Tazama sura yake. Amesema kitu kikubwa."

"Kaka, mimi nasoma kilichoandikwa."

Ndivyo ilivyokuwa filamu nzima. Mtu anaulizwa kama ana huzuni, anajibu kwamba chai imepoa. Mwanamke anageuza uso ukutani na maandishi hayapiti kabisa. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini huyu mtengenezaji anaonyesha ukorido usio na mtu. Akasema, "Mimi nilikuwa nafundisha hesabu." Nilimuuliza kwa nini kamera imewekwa chini namna ile, hadi unaona nyayo za watu kabla ya nyuso zao. Akasema huenda walikuwa na kamera nzito. Baadaye alisogea akatandika mkeka, akakaa, akaangalia, akasema, "Hapana. Ni mtu amekaa nao chini. Ni kama mgeni aliyekaribishwa."

Hilo lilinifungua kidogo. Nikachukua mikanda mingine minne, nikaanza kuitazama peke yangu, bila sauti, bila kujua neno. Katika wa pili kulikuwa na baba na binti. Katika wa tatu, ofisi na watu wanaokunywa pombe. Lakini kila mahali mgeni yuleyule alikuwa amekaa chini palepale, hajanyanyuka, hajamkatiza mtu. Nguo zilikuwa zinakauka kwenye kamba zilezile. Mvuvi akiokota wavu uliochanika, anaweza kukwambia umeshonwa na nani. Na mimi, bila kusoma jalada, nilijua mikanda yote mitano imetoka kwenye mkono mmoja. Nilimpelekea Mwalimu majalada akasoma Kifaransa kidogo kilichokuwa nyuma yake. Ni kweli, mtu mmoja, alikwisha kufa zamani. Alinitajia jina lake. Nililishika vibaya na siku hizi sithubutu kulitamka.

"Mume wangu alikuwa anampenda huyu," alisema, akiwa bado ameshika jalada. "Kabla hatujaoana alinipeleka kwenye ukumbi mmoja Bujumbura kuangalia filamu yake. Yeye alikuwa analia, mimi nilikuwa nasinzia. Nilimwambia, wewe unalilia watu wanaokunywa chai?"

"Akajibu nini?"

"Alicheka. Akasema nitaelewa nikizeeka."

Nilitaka kuuliza zaidi. Mimi huwa nauliza hadi watu wanachoka. Lakini alikuwa amegeuza uso ukutani, na kwa vile nilikuwa nimetoka kujifunza kwenye filamu, nikanyamaza na mimi.

*

Tajiri alikataa katakata. Filamu ile ilikuwa imempunguzia wateja, na watu walikuwa wameanza kumuuliza kama siku hizi anaonyesha kufua nguo. Kilichonisaidia ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawafuati taa, wavuvi hawatoki, mchana wanazurura mjini wakitafuta kivuli. Jumatano saa tisa kulikuwa na wavuvi wa kujaza mabenchi mawili na mkanda wa Kihindi ulikuwa umeliwa na deki.

"Onyesha hiyo ya birika," alisema tajiri. "Lakini kiatu kikirushwa tena, televisheni ni juu yako."

Bibi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni. Mwalimu alisimama nyuma yake. Lori lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi.

Nilianza. Nilisema yaliyokuwamo, na yaliyokuwamo yalikuwa machache.

"Anasema leo kumekucha vizuri."

Wakangoja niendelee.

"Mama anasema, kweli, vizuri."

"Mtafsiri, leo unaumwa?" aliuliza mvuvi mmoja aliyekuwepo siku ya kwanza.

"Siumwi. Ndivyo wanavyosema."

"Mbona juzi walikuwa wanasema mengi?"

"Juzi nilikuwa nasema mimi."

Walicheka. Mwingine akadakia, "Sasa na steringi je? Ulituahidi anarudi!"

Kwenye televisheni mwanamke alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kikabati, anafungua mlango wa kwanza. Sikuangalia mlango wa nyuma. Nilimwangalia mwanamke wa kwenye televisheni na mkono wake.

"Juzi niliwadanganya," nilisema. "Hakuna steringi. Mume wake alikuwa baharia. Meli ilizama, huu ni mwaka wa saba. Huyu kwenye picha ndiye yeye. Wali huu si wa kumtunzia. Wanampa marehemu."

Wale walikuwa watu wa ziwa. Habari ya chombo kuzama hawakuhitaji mtafsiri. Hakuna aliyecheka tena, na nikaona mmoja anavua kofia, anaipakata. Nyuma yangu nikasikia kanga ikikwaruza ubao wa mlango. Nilipogeuka, Mwalimu hakuwepo. Bibi alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti.

Niliendelea. Wanawake wakafungasha. Sasa mabenchi yote yalikuwa yanafungasha nao. Mzee alipofunga furushi la vyombo kwa kamba moja, mvuvi wa mbele alinong'ona, "Zungusha tena, mama, litafunguka hilo." Naye kweli akazungusha tena, na watu wakahema. Mwishoni mke alisema maneno ambayo Mwalimu alinisomea mara nne ili nisiyakosee.

"Anasema: Mama, na huyu tumchukue. Mama anasema: Ndiyo, huku hakuna wa kumpa chakula."

Wakatoka. Chumba kikabaki kitupu. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Tulikaa mle ndani ya chumba cha watu, sisi na sauti ya jenereta, na mimi sikuhesabu pumzi. Bado sikujua kwa nini mtengenezaji anatuacha humo. Lakini nilikuwa sitaki kutoka.

*

Banda lilipokuwa tupu Bibi aliniita kwa mkono.

"Leo umesema vizuri. Juzi ulikuwa na kelele."

"Bibi, nisamehe. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Kibakuli kile nilikiona. Mwanaume anayerudi safari humwekei tonge la kifaranga." Alicheka bila sauti, mabega yakatikisika. "Yule mama hakuwa anamngoja mtu. Angekuwa anamngoja, angeangalia mlango. Umeona ameangalia mlango hata mara moja?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeitazama filamu ile labda mara kumi, Bibi mara mbili tu, na yeye hajui herufi.

"Sasa kwa nini uliniuliza kama atarudi?"

"Nilitaka kujua utasema nini."

"Na kwa nini umemkatalia Mwalimu kwenda?"

Aliangalia uwanjani, kwenye mlango wa chumba chao uliokuwa umefungwa.

"Yule bado kijana," alisema. "Mimi nikisema twende, ataona nimemzikia mume wake. Ni mume wake. Nilimngoja aseme yeye."

Nilitaka kumwambia kwamba wiki nzima Mwalimu amekuwa akisema, kwamba amesema hadi ameniletea mimi nisemee. Halafu nikawaza kwamba alichosema Mwalimu ni lori, na karatasi, na chakula cha kambini. Lile neno lenyewe hakuwa amelisema, na mimi ndiye niliyelisema, mbele ya wavuvi, kwa kipaza sauti. Na aliyeshindwa kusikiliza, akaondoka, hakuwa Bibi. Kwa siku mbili nilikuwa nimekaa na Mwalimu tukiandaa maneno ya kumwambia mtu mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa anayasoma kwa sauti, asubuhi baada ya asubuhi.

Hadi leo sijui kama Bibi alikiona kibakuli siku ya kwanza au alikiona Jumatano, akanihurumia. Nimeligeuza swali hili pande zote. Kuna wakati naamini moja, kuna wakati naamini la pili.

Asubuhi ya Alhamisi aliyekuwa amefunga mizigo ni Bibi. Mafurushi mawili na sufuria yalikuwa nje ya mlango kabla ya jua. Aliyekuwa hataki kutoka sasa ni Mwalimu. Alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Lori lilipiga honi barabarani. Majirani walisimama, kila mtu anajifanya ana shughuli. Bibi aliingia, akamshika kiwiko, akamwambia neno moja la Kirundi ninalolijua, "Tugende," twende, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza wala ya kuamuru. Ilikuwa sauti ya kumwambia mtu kumekucha vizuri. Mwalimu akasimama.

Niliwabebea sufuria. Mwalimu alipanda kwanza, akakaa upande wa pili, akatazama ziwani. Bibi nilimsukuma hadi akashika ubao kwa mikono yote miwili. Kabla hajavuka ndani aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Akija mtu mrefu," alisema, "ana kovu juu ya jicho, mwambie tumekwenda kambini."

Nilimwangalia. "Bibi, si ulisema…"

"Mwambie hilo tu. Usimwambie lingine."

Lori likaondoka. Kama Mwalimu alisikia, hakugeuka.

Baada ya siku ile nilikaa Ujiji mwaka mmoja na miezi minne, mimi nisiyekaa. Nilijiambia ni kwa ajili ya ile mikanda, na kwa sehemu ilikuwa kweli, kwa maana niliitazama hadi miwili ikakatika. Lakini kila boti ya wageni ilipoingia nilikuwa nateremka ufukweni na kuwaangalia wanaume warefu usoni, hadi wengine wakadhani mimi ni askari kanzu. Niliona makovu. Niliuliza. Hakuwa yeye.

Nilipopata safari ya Mpanda nilimwachia tajiri maagizo yaleyale: mtu mrefu, ana kovu juu ya jicho, aambiwe wamekwenda kambini. Tajiri aliyarudia ili ayashike, halafu akauliza, "Jicho lipi?"

Sikuwa nimeuliza.